Abu Rayhan al-Biruni: Aliyebisha hodi katika lugha za watu



Tuanze safu yetu ya leo na kijana mmoja wa mji wa Kath, katika nchi ya Khwarazm iliyokuwa kusini ya Bahari ya Aral. Kijana huyu alikuwa na ada ambayo wenzake yawezekana waliicheka. Kila alipopata mbegu, punje, tunda au mmea, aliuchukua hadi kwa Mrumi mmoja aliyekuwa amehamia nchini kwao, akamwuliza kitu kile huitwaje kwa Kiyunani, kisha akaliandika jina alilotajiwa. Zaidi ya nusu karne ilipita. Kijana akawa mzee aliyepindukia miaka themanini kwa hesabu ya Hijria, macho yamepungua na masikio yamekuwa mazito, ndipo akaandika kitabu kikubwa cha majina ya dawa, na ndani yake akamkumbuka Mrumi yule na zile mbegu.

Huyo ndiye Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, mwanachuoni wa falaki, hisabati, jiografia na historia, ambaye tumeona leo tumzungumzie. Wengi wetu tumesikia habari zake kama mtu aliyepima ukubwa wa dunia. Hilo ni kweli, na tutaligusa. Lakini upo upande mwingine wa maisha yake ambao hauzungumzwi sana, nao ni mapambano yake ya umri mzima na ukuta wa lugha. Alizaliwa katika lugha ambayo haikuwa ya elimu, akaandika kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo, na alipokuwa mtu mzima kabisa akaanza kujifunza lugha nyingine ngumu zaidi ili aelewane na watu ambao walikuwa na kila sababu ya kumchukia.

Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973 Miladia. Jina la Biruni lenyewe hutokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa kwao kulikuwa kando ya mji. Akiwa bado mdogo alichukuliwa na Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa nyumba ya kifalme ya Khwarazm na bingwa wa hisabati, naye akamfundisha.

Watu wa Khwarazm walikuwa na lugha yao, jamaa ya Kiajemi lakini si Kiajemi. Nchi yao ilifunguliwa na majeshi ya Kiislamu chini ya jemadari Qutayba bin Muslim mwanzoni mwa karne ya nane, zama za Bani Umayya. Al-Biruni ameandika, bila ya kuficha wala kupunguza, kwamba jemadari huyo aliwaangamiza watu wa Khwarazm waliojua maandishi ya kwao na waliohifadhi habari za kale, hata mambo mengi ya nchi ile yakapotea moja kwa moja. Wapo wanahistoria wa zama zetu wanaoona kwamba habari hiyo imetiwa chumvi, kwani maandishi ya Kikhwarazm yaliendelea kuonekana katika sarafu baada ya hapo. Pamoja na hayo, inafaa tuzingatie kwamba aliyeiandika alikuwa Mwislamu, tena kwa Kiarabu, akiwaandikia Waislamu. Hakuona kwamba kuutetea Uislamu kunamlazimu kuficha makosa ya jemadari.

Kwa hiyo kijana huyu alipotaka elimu, ilimbidi aihame lugha ya mama yake. Katika utangulizi wa kitabu chake cha dawa ameeleza kwamba elimu ikiandikwa kwa lugha aliyolelewa nayo itakuwa kioja, mfano wa ngamia aliyepandishwa juu ya mlizamu wa paa. Akaeleza pia kwamba alihamia katika Kiarabu na Kiajemi na kwamba katika zote mbili yeye ni mtu wa kuja, ila kushutumiwa kwa Kiarabu kunampendeza kuliko kusifiwa kwa Kiajemi. Tunayasimulia haya kwa maana yake tu. Wengi wameyachukua kuwa ni sifa kwa lugha ya Qur'ani, na bila shaka sifa hiyo imo. Lakini tukiyatazama kwa makini tunauona na uchungu wake. Huyu ni mtu aliyekwisha kuandika vitabu na risala zaidi ya mia moja, na bado uzeeni anajihisi mgeni katika lugha aliyoiandikia. Mzazi ambaye mwanawe aliongoza darasa miaka yote ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akafika kidato cha kwanza akanyamaza kimya kwa kuwa masomo yote yamegeuka Kiingereza, ataelewa tunakusudia nini.

Hata hivyo tunathubutu kutofautiana naye kidogo juu ya ngamia na mlizamu. Kiarabu chenyewe, karne mbili na ushei kabla yake, hakikuwa na maneno ya falaki ya Ptolemy wala ya tiba ya Galen. Maneno hayo yalitafutwa, yakachongwa na kupigwa msasa na wafasiri wa Baghdad, na mashuhuri wao ni Hunayn bin Is-haq, tabibu Mkristo wa Hira aliyefariki mwaka 873, ambaye alikuwa akisaka nakala za Kiyunani mji kwa mji na kuzilinganisha kabla ya kuandika neno. Makhalifa na matajiri waliilipia kazi hiyo. Kikhwarazm hakikupata mtu kama Hunayn wala mtu wa kumlipa.

Mwaka 995 vita viliuondoa ukoo wa mlezi wake katika utawala, na al-Biruni akakimbia akiwa na umri wa miaka ishirini na moja. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akaishi katika ufukara. Amesimulia kwamba mnajimu mmoja wa huko alimbeza na kuyakataa maneno yake ya kielimu kwa sababu tu ya umasikini wake, na hali yake ilipotengenea mtu yule yule akageuka kuwa rafiki. Hayo yapo kila zama.

Baada ya muda alirejea Kath, na hapo likatokea jambo ambalo linafaa kusimuliwa kwa vijana wetu. Usiku wa tarehe 24 Mei, 997, mwezi ulipatwa. Al-Biruni alikuwa ameandikiana mapema na Abul-Wafa al-Buzjani, bingwa mkubwa wa hisabati aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja atautazama mwezi huo akiwa mjini kwake na kuandika saa yake. Kupatwa kwa mwezi huonekana kwa wakati mmoja kila mahali, lakini saa za mji mmoja si saa za mwingine, kwani jua la mashariki hutangulia. Walipolinganisha walikuta tofauti ya takriban saa moja, na kutokana nayo wakapata umbali wa Kath na Baghdad kwa longitudo. Mmoja alikuwa mzee aliyebakiwa na mwaka mmoja hivi wa kuishi, mwingine kijana wa miaka ishirini na mitatu. Abul-Wafa alitoka Buzjan ya Khurasan, mwenzake Khwarazm, na hakuna kati yao aliyetoka katika nchi ya Waarabu. Kilichowakutanisha bila ya kuonana uso kwa uso ni kwamba wote wawili walisoma na kuandika Kiarabu.

Ndivyo ilivyokuwa pia baina yake na Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980. Al-Biruni alimpelekea maswali kumi na manane juu ya falsafa ya Aristotle: je, yumkini kuwepo ulimwengu mwingine usiokuwa huu, joto la jua hutufikiaje, mbona barafu huelea juu ya maji. Ibn Sina akajibu, al-Biruni akayapinga majibu kwa ukali, na mwishowe Ibn Sina akamwachia mwanafunzi wake al-Ma'sumi amalize mjadala. Wasomi hawa wawili walibishana juu ya kitabu cha Myunani, wakikisoma katika tafsiri, kwa lugha ambayo si ya mama wa hata mmoja wao. Tutarudi kwao mwishoni, kwani yaliyowapata baada ya kufa hayakufanana.

Hatutakaa sana katika miaka yake ya Jurjan, alikoandika kitabu cha al-Athar al-Baqiya kuhusu kalenda na sikukuu za mataifa: Wafursi, Wayahudi, Wakristo, Waarabu na wengineo. Tunataja jambo moja tu, kwamba ndani yake aliandika pia majina ya miezi na sikukuu za watu wake wa Khwarazm. Msomaji aliweke akilini.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akawachukua wanachuoni wake pamoja na ngawira nyingine. Al-Biruni alikuwa na miaka arubaini na mitatu. Alipelekwa Ghazna, mji ulioko katika Afghanistan ya leo, na kuanzia hapo hadi kufa kwake alikuwa chini ya mkono wa masultani wa Ghazna. Alikuwa mateka au mgeni wa heshima? Yamkini alikuwa yote mawili. Mahmud alikuwa akiishambulia Bara Hindi mwaka baada ya mwaka, na njia zile zile zilizofunguliwa na farasi wa Sultan ndizo alizozipita al-Biruni kuingia Punjab. Katika ngome ya Nandana, iliyoko Pakistan ya leo, alipanda mlima unaotazama uwanda mpana, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama, na kwa kipimo hicho na urefu wa mlima akapata nusu kipenyo cha dunia kwa hesabu ambayo bado inawastaajabisha wataalamu.

Mlima ule ulimpa jibu kwa hesabu. Watu wa nchi ile walimtaka zaidi ya hesabu. Wahindi walikuwa na elimu ya nyota na tarakimu ambayo Waislamu walikwisha kuonja sehemu yake huko Baghdad tangu karne ya nane, kupitia tafsiri zenye kasoro nyingi. Kuhusu imani zao, vitabu vilivyokuwepo kwa Kiarabu vilinukuliana vyenyewe kwa vyenyewe. Mwanachuoni mmoja, Abu Sahl al-Tiflisi, alilalamika mbele yake kwamba waandishi wanawasimulia watu wa dini nyingine bila ya kuwajua, naye akamhimiza aandike alichokuwa nacho kuhusu Wahindu, ili mwenye kutaka kujadiliana nao apate msaada na mwenye kutaka kuchanganyika nao apate habari. Al-Biruni akaona kwamba hilo haliwezekani ila kwa kuingia katika Kisanskriti.

Katika mlango wa kwanza wa kitabu chake juu ya Bara Hindi, kinachojulikana kwa kifupi kuwa Tahqiq ma lil-Hind, amevihesabu vizuizi vinavyowatenga Waislamu na Wahindu, na cha kwanza alichokitaja ni lugha. Kitu kimoja kina majina mengi na jina moja hubeba vitu vingi, kama ilivyo kwa Kiarabu, na asiyejua muktadha hupotea. Ipo lugha ya wasomi na ipo ya sokoni. Sauti nyingine hazimo katika Kiarabu wala Kiajemi, sikio la mgeni halizipambanui, ulimi hauzitoi, na herufi zetu hazina pa kuziweka. Waandishi wa nakala hawajali, hata kitabu kikinakiliwa mara moja au mbili kinakuwa kama kitabu kingine. Juu ya hayo, Wahindu hutia elimu zao katika mashairi ili zihifadhike kwa moyo, na mizani ya shairi humlazimisha mtungaji kusokota maneno.

Ameeleza pia jambo ambalo kila aliyewahi kujifunza lugha ya watu atalitambua. Alikuwa akilichukua neno kutoka kinywani mwa Mhindi, akijitahidi kuliandika sawasawa, kisha akilirudia mbele ya Wahindi hao hao wanahangaika kulitambua. Tumfikirie: bingwa wa falaki aliyejadiliana na Ibn Sina, mtu mzima, anatamka neno na kutazamwa kama mtoto anayeanza kusema.

Kizuizi kingine alichokiandika kinatuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Alisema kwamba mashambulizi ya Mahmud yaliiharibu neema ya nchi ile na kuwatawanya watu wake kama mavumbi, na kwamba waliosalimika walibaki na chuki kubwa kwa kila Mwislamu, na elimu zao zikahama zikaenda mbali, Kashmir na Banaras, mahali ambapo mkono wa watekaji haujafika. Aliyaandika haya mjini Ghazna kwenyewe, akimaliza kitabu mnamo mwaka 1030, ambao ndio mwaka aliokufa Mahmud. Wapo wanaomsifu Mahmud kwa sababu alivunja sanamu la Somnath, na kila mmoja ana hoja zake. Sisi tunasema tu kwamba mtu aliyekaa ndani ya utawala wake aliiona hasara ambayo haikuandikwa katika daftari la ngawira.

Tukiwa tumeitaja Somnath, hapo kuna jambo la kwetu. Al-Biruni alieleza kwamba umaarufu wa mahali pale ulitokana na bandari yake, kwani mabaharia waliokwenda na kurudi baina ya Sufala ya nchi ya Zanj na China walikuwa wakitua hapo. Sufala ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, katika Msumbiji ya leo. Jahazi zilikwisha kuunganisha nchi hizo kwa biashara, na mabaharia bila shaka walikuwa na maneno yao ya kuelewana juu ya bei na upepo. Lugha ya kuelewana juu ya nyota na juu ya Mungu ilikuwa bado haijapatikana.

Alifanyaje basi? Alitumia fedha alizonazo kukusanya vitabu vya Kisanskriti kila alikodhani vinapatikana, na kuwatafuta wasomi wa Kihindu wa kumweleza maana yake. Mbele ya wanajimu wao alikaa kwanza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Alipopata nguvu kidogo katika elimu yao, akaanza kuwaonyesha sababu na hoja za kihisabati nyuma ya hesabu zao, ndipo wakamjia makundi kwa makundi wakistaajabu na kumwuliza ni mwalimu gani wa Kihindu aliyemfundisha. Baadhi yao walimwona kuwa mchawi, na mbele za wakubwa wao walimwita bahari.

Katika kitabu hicho chenye milango themanini alijiwekea sharti ambalo hata leo wengi wetu hatuliwezi. Alisema kitabu chake si cha mabishano. Atayaleta maneno ya Wahindu kama wanavyoyasema wenyewe, hata yakiwa kinyume na haki anayoiamini, na hukumu atamwachia msomaji. Alivitumia vitabu vyao, vya wanajimu kama Brahmagupta na Varahamihira na vya dini yao, akiwataja kwa majina. Mara kwa mara huweka itikadi ya Wahindu pembeni ya Wayunani wa kale, ili msomaji asidhani kwamba ni Wahindu pekee waliosema hivyo. Na alipowalaumu kwa kujiona bora kuliko mataifa yote, hakusahau kukiri kwamba kudharau wageni ni tabia ya watu wote, sisi tukiwemo.

Tena hakuchukua tu. Alikitia kitabu cha Patanjali katika Kiarabu, na kwa upande wa pili akaanza kuwafasiria Wahindu vitabu vya Euclid na Almagest ya Ptolemy kwa Kisanskriti, na kuwasomea maelezo ya jinsi ya kutengeneza astrolabu. Amelalamika kwamba kila walichokipata walikigeuza mashairi, na maana ikajificha tena. Kwa bahati mbaya kazi hizo za Kisanskriti hazikutufikia. Karne ya kumi na nane, yaani miaka mia saba baadaye, mwanachuoni wa Kihindu aitwaye Jagannatha, katika baraza la Jai Singh wa Jaipur, aliifasiri Euclid na Almagest kwa Kisanskriti kutoka Kiarabu. Kazi iliyokwisha kuanzwa ilibidi ianzwe upya.

Inapasa tuseme kwamba si Wahindu tu waliomchosha. Amesimulia habari ya mwadhini mmoja aliyekataa kutumia chombo cha kupimia nyakati za Swala kwa sababu kilichorwa miezi ya Warumi, ambayo hufuata jua, na kwa hiyo hufaa kwa kipimo cha vivuli. Mwadhini alichelea kujifananisha na makafiri. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi na hayo pia ayaache. Mtu huyu aliyejibu kwa kejeli namna hiyo ndiye aliyeandika kitabu kizima, Tahdid Nihayat al-Amakin, kilichomalizika mwaka 416 Hijria (1025), ambamo aliipata kwa hesabu sahihi kibla cha Ghazna, ili watu wa mji ule wajue wanaelekea wapi wanaposimama kuswali.

Na yule aliyeona afadhali kushutumiwa kwa Kiarabu aliandika kwa Kiajemi pia. Mwaka 1029 alitunga al-Tafhim, kitabu cha kuanzia hisabati na falaki kwa njia ya maswali na majibu, kwa ajili ya Rayhana binti al-Hasan, bibi wa Khwarazm aliyetaka kujua elimu hizo. Kitabu hicho kimetufikia kwa Kiarabu na kwa Kiajemi, na katika kile cha Kiajemi istilahi nyingi zilipata maneno ya kienyeji. Kwa msomi ilitosha lugha moja. Kwa mwanafunzi wa kike aliyekaa nyumbani na shauku yake, al-Biruni hakuona uzito kuisogeza elimu karibu na mlango.

Sasa turudi kwenye kitabu cha dawa, Kitab al-Saydana, cha uzeeni kwake. Humo alikusanya majina ya mitishamba na dawa kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisyria, Kiajemi, Kisanskriti na lugha nyinginezo, kwani mmea mmoja huitwa hivi Bukhara na vile Sind, na muuzaji asiyejua humpa mgonjwa kitu kingine. Humo humo akaeleza kasoro ya herufi za Kiarabu alichokipenda: herufi nyingi zinafanana na hutenganishwa kwa nukta tu, na mwandishi mvivu akiacha nukta, au asipotia irabu, jina la kigeni hubadilika na hakuna wa kulirekebisha. Katika shairi, nukta iliyopotea huharibu beti. Katika dawa, huua.

Alifariki Ghazna mwaka 440 Hijria (1048) kwa hesabu iliyozoeleka. Yaqut al-Hamawi amepokea kwamba faqihi mmoja, Abul-Hasan al-Walwaliji, aliingia kumzuru akiwa katika hali ya kukata roho, na al-Biruni akamwuliza juu ya suala la mirathi ya mabibi ambalo waliwahi kulizungumza zamani. Faqihi alimhurumia akaona si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kwamba ni bora aiage dunia akiwa analijua suala hilo kuliko kuiaga akiwa halijui. Basi akaelezwa, akalirudia hadi likamkaa, na faqihi alipotoka, kabla hajafika mbali, akasikia kilio kutoka ndani ya nyumba.

Tuliahidi kurudi kwa Ibn Sina. Karne ya kumi na mbili, katika mji wa Toledo nchini Hispania, Gerard wa Cremona aliifasiri Qanun ya Ibn Sina ya tiba kwa Kilatini, na kwa karne kadhaa madaktari wa Ulaya waliisoma vyuoni. Al-Khwarizmi, mtu wa asili ya nchi ile ile ya Khwarazm, naye alifasiriwa, na jina lake limo hadi leo katika neno algorithimu. Vitabu vikubwa vya al-Biruni vilibaki mashariki, na hakuna aliyevitia katika Kilatini. Wanafalaki wa Ulaya waliokuwa wakipima dunia na kuhangaika na longitudo hawakujua kwamba yupo aliyewatangulia kwa kurasa mamia. Ilikuwa hadi mwaka 1878 ndipo Mjerumani Eduard Sachau alipochapisha maandishi ya Kiarabu ya al-Athar al-Baqiya, na mwaka 1887 yale ya kitabu cha Bara Hindi, kisha kila kimoja kikafuatiwa mwaka uliofuata na tafsiri yake ya Kiingereza. Mjerumani alikifasiri kwa Kiingereza kitabu cha Kiarabu cha mtu wa Khwarazm juu ya Wahindi, na kwa njia hiyo Wahindi wengi walianza kusoma habari zao za miaka elfu iliyopita. Al-Qanun al-Mas'udi, kitabu chake kikubwa kuliko vyote vya falaki, kilichapishwa kwa Kiarabu huko Hyderabad baina ya 1954 na 1956.

Na ile lugha ya ngamia juu ya mlizamu? Ilizidiwa nguvu na Kituruki, ikafa karne chache baada yake. Wataalamu wanaotaka kuijua leo hawana vitabu vya kusoma. Hukusanya makombo. Wana maneno yaliyoandikwa chini ya mistari ya kamusi ya Kiarabu ya Zamakhshari, mfasiri mashuhuri wa Qur'ani, ambaye naye alikuwa mtu wa Khwarazm. Wana sentensi zilizomo katika kitabu cha fiqhi cha al-Zahidi wa karne ya kumi na tatu, kwani makadhi walihitaji kujua mume ametamka nini hasa kwa lugha yake alipoapa au alipomwacha mkewe, wakaliandika neno kama lilivyotoka. Na wana yale majina ya miezi na sikukuu ambayo kijana wa Kath aliyaweka katika kitabu cha kalenda za mataifa.